Mtoto Aliyeshika Kichwa Shambani



Tunawasalimu ninyi nyote mlioketi karibu na redio zenu asubuhi hii ya Dominika: ninyi wa Kasoli na Bariadi mjini, ninyi wa Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na ninyi mnaotusikia kutoka mbali zaidi. Tunawasalimu kwa namna ya pekee wagonjwa walioshindwa kufika kanisani, na miongoni mwao vijana ambao ugonjwa wao hauonekani kwa macho. Mazungumzo yetu ya leo ni juu yao.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasimuliwa habari za mama mmoja wa mji wa Shunemu. Mama huyu alimkaribisha nabii Elisha nyumbani kwake, akamtengenezea chumba kidogo cha kupumzikia, na Mungu akamjalia mtoto wa kiume. Mtoto akakua. Siku moja, wakati wa mavuno, alimfuata baba yake shambani kwa wavunaji. Hapo, katikati ya kazi, mtoto akamlilia baba yake kwamba kichwa kinamuuma, akalia hivyo mara mbili. Baba akamwagiza mtumishi ambebe, ampeleke kwa mama yake. Mama akampakata magotini hadi adhuhuri, na mtoto akafariki mikononi mwake.

Mwisho wa habari hii tutaufikia baadaye. Kwa sasa tuangalie jambo moja: Maandiko Matakatifu hayatuambii mtoto yule aliumwa ugonjwa gani. Ni kichwa tu. Kilianza ghafla, na hakuna aliyejua sababu.

Ndugu wapendwa, sisi wa nchi ya Wasukuma hatupati shida kuiona picha hiyo. Tuyaweke mashamba ya pamba mahali pa mashamba ya Shunemu, nasi tuko nyumbani. Basi tumfikirie kijana wa Kasoli wa miaka 15 au 16, mvulana au msichana. Hatumtaji kwa jina, kwa sababu hatumzungumzii mtu mmoja, tunawazungumzia wengi. Kijana huyu anaamka asubuhi na kichwa kizito, kana kwamba amejitwisha ndoo ya maji isiyotuliwa kamwe. Wakati mwingine anasema ni kama kamba iliyozungushwa pajini, na kila saa inakazwa kidogo. Moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Viganja vinatoka jasho. Darasani anausoma mstari mmoja mara nne, na hauingii. Usiku wenzake wamelala, yeye yuko macho akikisikiliza kichwa chake. Anajiuliza: Je, nina uvimbe ndani ya ubongo? Je, nitakuwa kichaa? Je, nitakufa kabla ya mtihani wa kidato cha nne?

Wazazi wamempeleka zahanati. Amepimwa malaria, haikuonekana. Amepewa vidonge vya maumivu, vikamsaidia siku mbili, kisha kichwa kikarudi palepale. Mwezi umepita, mwaka umepita. Na kwa kuwa ugonjwa umekosa jina, watu wameanza kuupatia majina yao wenyewe.

Leo tunapenda kuyapima majina hayo kwa mwanga wa Injili, maana jina baya hulidhuru jeraha kuliko kisu.

Jina la kwanza ni uvivu. "Huyu anajifanya," husema watu wa nyumbani. "Wakati wa kula haumwi, wakati wa kuchuma pamba kichwa kinamuuma." Turudi kwa baba wa Shunemu. Yeye naye alikuwa katikati ya mavuno, wakati ambao kila mkono unahitajika. Mtoto wake hakuwa na kidonda wala hakutoka damu. Angeweza kumwambia avumilie, amalize kwanza kazi. Hakusema hivyo. Aliliamini neno la mtoto wake, akamtoa mtumishi mmoja kazini ili ambebe. Baba yule hakuwa tabibu, lakini hatua ya kwanza ya matibabu alikuwa amekwisha ifanya: aliamini.

Na alikuwa na haki ya kuamini, kwa sababu maumivu ya namna hii ni ya kweli. Wataalamu wa tiba wanayafahamu vizuri. Mtu anapokaa katika wasiwasi siku nyingi, misuli ya shingo, ya mabega, ya taya na ya utosi hukaza bila yeye kutaka. Pumzi huwa fupi na za juu juu. Usingizi hupungua. Ubongo unaosubiri hatari wakati wote huzidi kuwa mwepesi wa kusikia maumivu, hata mguso mdogo ukasikika kama pigo. Kisha maumivu yenyewe humtia mtu hofu mpya, na hofu hiyo huikaza misuli tena. Hivyo kijana huzunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti: kadiri anavyozunguka, ndivyo kamba inavyozidi kuwa fupi. Maumivu ya kichwa yanayomjia mtu siku 15 au zaidi kwa kila mwezi, kwa muda unaozidi miezi 3, huitwa na waganga maumivu sugu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao bilioni 3.1, yaani karibu watu 40 kwa kila 100 duniani, walisumbuliwa na maradhi ya kuumwa kichwa ya aina mbalimbali. Shirika hilohilo linasema kwamba kati ya vijana 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo fulani la afya ya akili. Basi kijana wetu wa Kasoli hayuko peke yake, ijapokuwa kila usiku anadhani hivyo.

Katika Afrika yetu jambo hili lina historia. Mwaka 1960 daktari Mkanada, Raymond Prince, aliandika juu ya wanafunzi aliowatibu nchini Nigeria. Walilalamika kwamba vichwa vyao vinabanwa na kuwaka moto, macho yanafifia, na yale wanayoyasoma hayakai akilini. Walikuwa vijana ambao ukoo mzima ulikuwa umewatazamia, waliobeba karo na matumaini ya watu wengi. Hatuhitaji kusafiri hadi Nigeria ili kuuelewa mzigo huo. Kijana ambaye ng'ombe wameuzwa ili asome anajua uzito wake.

Tena, ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Bukoba, tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya misheni ya Kashasha walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hali hiyo ikaenea hata ikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Madaktari walitafuta vijidudu na sumu, wasione kitu. Hakuna aliyekufa, lakini pia hakuna aliyekuwa akiigiza. Waliwaona kuwa ni watoto ambao misukosuko ya nafsi imetafuta njia ya kutokea katika mwili. Kicheko cha Kashasha na kichwa kinachobanwa si ugonjwa mmoja, lakini fundisho lake ni moja: kipimo kinapokosa kuona kitu, kinatuambia tu kwamba ugonjwa ule uliopimwa haupo. Hakituambii kwamba mtoto haumwi.

Jina la pili, ndugu wapendwa, ni zito zaidi, nasi hatuwezi kulipita kimya katika nchi yetu. Ni neno hili: "Amerogwa." Zahanati imeshindwa, kwa hiyo lazima kuna mtu. Safari ya kwenda kwa mpiga ramli inafanywa usiku. Mbuzi anauzwa, kisha ndama. Na ramli haimalizi kazi yake mpaka imtaje mtu. Mara nyingi anayetajwa ni bibi mjane anayeishi peke yake pembeni mwa kijiji, mwenye macho mekundu. Lakini macho yale yamewekundishwa na nini? Kwa miaka 50 amepika kwa kuni na kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, katika nyumba isiyo na dirisha. Ni moshi uliowapikia watoto na wajukuu, na leo unageuzwa kuwa ushahidi wa kumwua.

Hatusemi mambo ya kutungwa. Hesabu zilizokusanywa kuanzia mwaka 1970 hadi 1984 zilionyesha kwamba watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini Tanzania kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu yao waliuawa katika nchi ya Wasukuma, mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Bariadi yetu wakati ule ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake. Na ni mambo gani yaliyotangulia vifo hivyo? Mara nyingi ni mtoto aliyefariki ghafla, ng'ombe waliokufa, ugonjwa usioeleweka. Kwa maneno mengine, maumivu yasiyo na jina yaliachwa yatafute jina, nayo yakalipata jina la jirani.

Sikilizeni, wazazi. Kijana ambaye kwa ajili ya kichwa chake bibi mmoja amefukuzwa au ameuawa, haponi. Tumemwongezea juu ya ndoo ile mzigo wa damu. Atalala vipi usiku? Wanafunzi wa Bwana wetu walipomwona yule mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe. Hakuwapa jina la mkosaji. Aliinama, akafanya tope kwa mate, akampaka yule mtu macho, akamtuma aende kunawa. Mkristo anapokutana na ugonjwa asiouelewa, haulizi nani amefanya. Anauliza tumfanyie nini mgonjwa. Amri ya Tano inatukataza kuua, na Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Ramli huzivunja zote mbili kwa siku moja.

Jina la tatu hutoka kwetu sisi tunaosali, nalo ni hili: "Hana imani." Kijana huambiwa kwamba angesali vya kutosha asingekuwa na wasiwasi, kwamba hofu ni dhambi, kwamba kuna pepo ndani yake. Anatoka kwenye sala na kichwa kilekile, na sasa ameongezewa aibu mbele ya Mungu. Ndugu, tuwe waangalifu. Ana, mama wa Samweli, alipokuwa akisali kwa uchungu midomo ikitikisika, kuhani Eli alimdhania kuwa amelewa. Mtu wa hekaluni aliyaona machozi akayaita ulevi! Nabii Eliya alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika alipomjia hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Na Bwana wetu mwenyewe, katika bustani ya Getsemane, alishikwa na huzuni na fadhaa hata jasho lake likawa kama matone ya damu. Ikiwa fadhaa ni alama ya kukosa imani, tutasema nini juu ya Mwana wa Mungu?

Sasa turudi Shunemu tuumalize usomaji wetu. Mama yule alimlaza mtoto juu ya kitanda cha nabii, akatandika punda, akaenda mlima Karmeli. Alipofika alimshika Elisha miguu. Mtumishi Gehazi akataka kumwondoa. Elisha akamzuia, akasema kwamba nafsi ya mama huyu ina uchungu, na kwamba Bwana amemficha jambo hilo, hakumjulisha. Tuyatafakari maneno hayo. Nabii mkubwa, mtu wa miujiza, anasimama mbele ya mama anayelia na kukiri kwamba hajui. Hakubuni sababu ili kulinda heshima yake. Wangapi kati yetu, mapadre, makatekista, wazee wa ukoo, tunao ujasiri huo?

Elisha akamtuma kwanza Gehazi na fimbo yake, aiweke juu ya uso wa mtoto. Gehazi akakimbia, akaiweka, na hakuna kilichotokea. Ndipo nabii akaja mwenyewe. Akafunga mlango, akasali, akajilaza juu ya mtoto, macho kwa macho, viganja kwa viganja, hata mwili wa mtoto ukapata joto. Akasimama, akatembea huku na huku ndani ya nyumba, akarudia tena. Ndipo mtoto akapiga chafya mara 7, akafumbua macho.

Fimbo iliyotumwa haikuponya. Nasi tunazo fimbo zetu za kutuma: shauri linalotupwa kutoka mlangoni, neno la "vumilia tu", pesa ya vidonge iliyoachwa mezani. Kinachotakiwa ni mtu aje mwenyewe, akae, apime joto la yule mtoto kwa mwili wake. Tena hata nabii hakufanikiwa mara moja. Alihitaji kusimama, kutembea, na kuanza upya. Uponyaji wa kichwa kinachobanwa na wa moyo wenye wasiwasi huenda kwa mwendo huohuo.

Basi tufanye nini, ndugu wapendwa?

Kwanza, tumbebe kijana tumpeleke kwa waganga, maana hatuna ruhusa ya kusema ni wasiwasi tu kabla hajachunguzwa. Zipo dalili ambazo hazingoji hata siku moja: kichwa kinachouma ghafla kwa ukali usiowahi kutokea, homa pamoja na shingo kukakamaa, degedege, kutapika kila asubuhi, mkono au mguu kulegea, macho kupoteza nuru, kuchanganyikiwa, au maumivu baada ya kupigwa au kuanguka. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja. Asiyekuwa nazo naye achunguzwe kwa utulivu. Je, macho yake yanahitaji miwani? Je, ana upungufu wa damu? Je, anashinda shuleni na njaa tangu asubuhi? Je, analala katika chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa? Na hapa kwetu tuulize pia: Je, amenyunyizia pamba dawa ya wadudu bila kujifunika pua na mdomo? Dawa hizo huingia kwa pumzi na kwa ngozi, na kuumwa kichwa ni mojawapo ya dalili zake za mwanzo. Kazi ya bomba la dawa si kazi ya mtoto.

Zahanati ikifika mwisho wa uwezo wake, tuombe rufaa ya kwenda hospitali Bariadi mjini, na ikibidi Bugando, Mwanza, ambako wapo madaktari wa magonjwa ya akili. Tusiogope neno hilo. Kumwona daktari wa akili si kuwa kichaa, kama vile kumwona daktari wa macho si kuwa kipofu.

Pili, tuhesabu vidonge. Wengi hawajui kwamba dawa za kawaida za maumivu, zikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi kwa miezi kadhaa, zenyewe huleta kuumwa kichwa. Kijana anameza ili apone, na kumeza kwake kunakifanya kichwa kirudi. Asiongeze vidonge kwa siri; amweleze mganga ukweli wa hesabu yake, naye atamwongoza namna ya kuvipunguza.

Tatu, tumsaidie katika mambo madogo ya kila siku, kama malaika alivyomsaidia Eliya: usingizi wa saa za kutosha, chakula kwa wakati, maji, kutembea na kucheza na wenzake. Hofu inapopanda, avute pumzi taratibu kwa pua hadi tumbo lipande, kisha aitoe polepole zaidi kuliko alivyoivuta, na kurudia kwa dakika kadhaa. Wanaosali rozari wataona kwamba mwendo wake wa taratibu unaweza kuisindikiza pumzi hiyo. Wala asiondolewe kabisa shuleni na kufungiwa ndani, maana hofu inayokimbiwa hukua. Aende hata nusu siku, na mwalimu aelezwe.

Nne, tumsikilize, na tumwulize waziwazi. Wapo vijana ambao mzigo huu umewafikisha mahali pa kutotaka kuishi tena. Baadhi ya wazazi huogopa kuuliza wakidhani watampandikizia mtoto wazo hilo. Sivyo. Swali la upendo halipandi mauti, hulifungua jipu. Na tuulize pia ikiwa kuna jambo linalomtisha nyumbani, njiani au shuleni, kwa sababu nyuma ya vichwa vingi vya wasichana wetu iko siri waliyoamriwa wasiiseme. Mtoto asiyeweza kusema nyumbani anaweza kupiga simu namba 116, bila malipo, akasikilizwa.

Sasa tuseme na wewe mwenyewe, kijana uliyeketi pembeni ya redio hii huku umeshika paji la uso. Ng'wana wane, unachokisikia ni cha kweli. Hukukibuni. Kichwa kinachobanwa kwa miezi na miaka, kikiwa kimechunguzwa na dalili zile za hatari hazipo, kwa kawaida hakitakuua wala hakitakutia kichaa, ijapokuwa hofu inakuambia hivyo kila usiku. Huenda hakitaondoka kwa siku moja. Mtume Paulo alikuwa na mwiba mwilini. Alimsihi Bwana mara 3 auondoe, na mwiba ukabaki. Hakutuambia mwiba ule ulikuwa nini. Alijibiwa kwamba neema inatosha, akaendelea na safari zake akiwa nao. Nawe unaweza kusoma, kucheka, kuimba kwaya na kumpenda Mungu siku ambayo kichwa ni kizito. Siku hiyo haijapotea. Na ukiwa na mtu mmoja unayemwamini, mama, shangazi, mwalimu au katekista, mwambie leo. Usingoje kupata maneno mazuri. Mtoto wa Shunemu alikuwa na neno moja tu la kichwa chake, nalo lilitosha kumfikisha magotini pa mama.

Na kwenu makatekista wa vigango, tunaomba jambo moja. Ninyi ndio mnaoitwa kwanza, kabla ya padre na mara nyingine kabla ya mganga. Mtakapoitwa katika nyumba yenye kijana wa namna hii, salini pamoja naye, lakini sala fupi, isiyomlaumu. Kisha ulizeni kama amepelekwa hospitali, na kama nauli ndiyo iliyokosekana, ipelekeni habari hiyo katika Jumuiya Ndogondogo siku hiyohiyo. Na mkisikia katika nyumba hiyo jina la bibi yeyote likinong'onwa, msiondoke. Kaeni. Semeni kwamba jambo hili Mungu hajatujulisha, na kwamba hakuna mtu wa kulaumiwa. Kisha nendeni mkamsalimie bibi yule mchana, mbele ya watu wote, mkae mlangoni pake, mnywe maji yake. Hiyo ni katekesi ambayo kijiji kizima kitaielewa. Na ikiwa tayari yapo maneno ya kutishia uhai wake, mwiteni mwenyekiti wa kijiji na polisi kabla jua halijazama.

Wapendwa, huenda hatutajua kwa nini kichwa cha mtoto huyu kinabanwa. Elisha naye hakujua. Lakini baba alijua kuamini, mtumishi alijua kubeba, mama alijua kupakata na kutafuta, na nabii alijua kuja mwenyewe. Kazi hizo nne hazihitaji jina la ugonjwa.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeijua fadhaa ya usiku wa Getsemane, uwatazame vijana wetu wasiopata usingizi. Wajalie mtu wa kuwaamini. Utulinde sisi tusimtafute mkosaji mahali ulipotuwekea mgonjwa. Uwabariki waganga na wauguzi wa zahanati zetu, na uwakinge bibi zetu na mikono ya hasira. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo. Tunawatakia nyote Dominika njema na yenye amani.